Alimwita Shangazi

Jumamosi saa sita mchana, ngazi za jengo la vitambaa hazipandiki. Wanaopanda na wanaoshuka wanasukumana mabega, wapagazi wanapiga miluzi kuomba njia, na kila duka limefungulia muziki wake kana kwamba majirani hawana masikio. Katikati ya msongamano huo, mwanamke aliyebeba begani gombo la kitambaa cha mapazia, refu kuliko yeye mwenyewe, alisikia muuza vifungo anamwita. Akageuka. Gombo nalo likageuka, likampiga kijana aliyekuwa nyuma yake kichwani kwa kishindo kilichosikika ngazi nzima.

"Mungu wangu! Samahani sana, kaka. Nimekuumiza?"

"Sijui," alisema kijana, mkono sikioni. "Ngoja kwanza nihesabu nyota ninazoziona."

"Zikizidi tatu nikupeleke hospitali."

"Ni mbili. Lakini moja imevaa gauni la kijani."

Gauni la kijani alilivaa yeye. Alicheka mpaka gombo likamponyoka, na kijana akalidaka kabla halijawaangukia watu. Hakulirudisha. Alilibeba hadi chini, hadi mtaa wa pili, hadi ghorofa ya pili ya nyumba iliyokuwa inanuka rangi mbichi, ambako mwanamke yule alikuwa na karakana yake: cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na mapazia ya watu yakining'inia kila upande.

"Unashona mapazia tu?"

"Mapazia tu. Napima madirisha, nashona, natundika. Na wewe?"

"Mpima ardhi. Napima viwanja."

"Basi sote tunakula kwa mita."

Neno likageuka jina. Kuanzia wiki ile yeye alimwita Mita, naye Mita akamwita Pazia, na majina yao mengine wakawaachia watu wengine.

Pazia alikuwa mjane wa miaka minane. Alikuwa na umbo lililojaa, shingo ndefu, vidole vyenye vidoti vya sindano, na binti mmoja aliyekuwa akisoma chuo katika mji mwingine. Mita alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imeungua kwa jua la viwanjani, na tabasamu la mtu anayejua kwamba linamsaidia. Mwezi wa kwanza walipigiana simu. Mwezi wa pili hawakuweza kulala bila kupigiana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sauti yako."

"Toka hapa! Nina mteja mbele yangu, ananiangalia ninavyochekacheka."

Siku aliyoamua kumwambia umri wake, Pazia alimkalisha kwenye kigoda cha karakana kama mtu anayetaka kutoa habari za msiba.

"Mita, nina miaka arobaini na miwili."

"Na mimi thelathini."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

"Jumlisha," alisema Mita. "Sabini na miwili. Gawa kwa mbili. Kila mtu ana thelathini na sita. Tatizo liko wapi?"

Alimrushia mto wa sindano. Walicheka, na jambo hilo likafunikwa hapo hapo kwa kicheko. Lakini kwa miezi minane ya mapenzi yao walikuwa wakila chakula cha jioni mitaa ya mbali, ambako hawamjui mtu. Mita hakuwahi kumpeleka Pazia kwenye sherehe za ofisini kwao. Pazia hakuwahi kumpigia binti yake simu Mita akiwa amekaa karibu. Hawakukubaliana iwe hivyo. Iliwatokea tu, na hakuna aliyeuliza.

Wazo la matembezi lilikuwa la Mita. Alimpigia simu saa nne asubuhi, saa ambayo alijua yuko kwenye cherehani.

"Siku tano, mpenzi. Kuna njia ya miguu inafuata ufuko wote, juu ya majabali. Unatembea mchana, jioni unafika nyumba ya wageni, asubuhi unaendelea."

"Kuendelea kwenda wapi?"

"Mbele."

"Na watu wanalipia? Mimi kila siku natembea bure kutafuta uzi."

"Pazia wangu, tangu umefungua karakana umewahi kupumzika?"

Cherehani ilinyamaza upande wa pili wa simu. "Nilipumzika siku tatu za msiba," alisema, akijaribu kufanya utani. Haukuwa utani. Kesho yake alianza kujishonea suruali ya safari.

Ilikuwa suruali pana ya rangi ya udongo, yenye mifuko sita, na aliivaa na kilemba cha rangi ya chungwa ambacho Mita alisema hata meli zingekiona. Siku ya kwanza ilikuwa yao peke yao. Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja vichaka vya miiba, upande mwingine jabali limekatika na bahari inapiga huko chini kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Mawe yaliyopakwa chokaa yaliwaonyesha pa kupita. Walishuka kwenye vighuba vya kokoto, wakapanda tena, wakakaa kwenye majani makavu kula mkate na mayai ya kuchemsha. Mapaja ya Pazia yaliwaka moto. Hata hivyo aliimba. Na kila njia ilipopanuka kidogo, Mita alimshika mkono, mchana kweupe, na ndege wa baharini ndio waliokuwa mashahidi.

"Ungeniambia mapema kwamba furaha inauma magoti," alisema Pazia.

"Jioni nitakukanda."

"Utanikanda mpaka asubuhi, maana siyahisi tena."

Siku ya pili upepo uliwapiga tangu walipoanza. Walifika nyumba ya wageni saa kumi jioni, nywele zimejaa chumvi, Pazia akichechemea na kucheka. Mapokezi yalikuwa ndani ya sebule yenyewe: meza ndogo, daftari, na mhudumu msichana mwenye sauti ya juu. Kwenye makochi walikaa watu watatu waliovua viatu vyao vya safari. Mmoja akainuka, mikono wazi.

"Haiwezekani! Mpima wangu!"

Alikuwa bosi wake. Pembeni yake alikaa mkewe, mama mtaratibu mwenye miwani, na mchora ramani wa ofisi yao, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye kila mtu ofisini alisema anafaa kuolewa na Mita. Nao walikuwa wakitembea njia ile ile, siku zile zile.

"Na huyu mama ni nani?" aliuliza bosi, akitabasamu kwa adabu.

Ilikuwa sekunde moja tu. Ndani yake Mita aliona karani wa ofisi yao aliyeoa mwanamke aliyemzidi umri, jinsi walivyomtania mwezi mzima wakimuuliza kama amenyonyeshwa kabla ya kuja kazini. Mita mwenyewe alikuwa amecheka. Alikuwa ndiye aliyecheka zaidi.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema.

Hakumtazama. Alitazama soksi za bosi. Nyuma yake alisikia begi likishushwa sakafuni polepole.

Pazia hakulia wala hakung'aka. Alikaza kilemba, akanyoosha mgongo, na kwa sauti ambayo Mita hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu mzima anayetembelea nyumba za watu, akasema, "Ndiye mimi. Dada wa baba yake. Hamjambo?"

"Shikamoo, shangazi," alisema mchora ramani, akiinama kidogo.

"Marahaba, mwanangu."

Mhudumu alikuwa ameshafungua daftari. "Karibuni! Chumba chenu ni namba nne. Kitanda kimoja kikubwa, dirisha linatazama bahari, kama mlivyoomba kwenye simu."

 Mita alihisi masikio yanachemka.

"Umekosea," alisema. "Tulitaka vyumba viwili."

"Lakini nimeandika mwenyewe hapa. Ulisema hata kama kuna..."

"Nipe mimi kile kidogo cha nyuma, mwanangu," alimkatiza Pazia kwa upole. "Bahari waangalie vijana."

Akachukua ufunguo, akabeba begi lake mwenyewe, akapanda ngazi huku akichechemea. Mke wa bosi alimsindikiza kwa macho, kisha akayarudisha macho yale kwa Mita, akayaacha hapo kwa muda mrefu kidogo.

Chakula cha jioni kilikuwa kibaya zaidi. Bosi, aliyefurahi kupata kikundi, alisema kuanzia kesho watembee wote pamoja. Kisha akaanza utani.

"Shangazi, tusaidie. Huyu kijana wako hatuambii lolote. Ana mtu?"

Pazia alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua macho. "Kama anaye, hajanitambulisha."

"Basi umri umefika! Si una mamlaka wewe? Tuna binti mzuri hapa hapa mezani."

Mchora ramani alificha uso kwa leso, akicheka. "Bosi, niache jamani!"

"Binti mzuri kweli," alisema Pazia. "Mimi sina kipingamizi."

Akampa msichana nusu ya chungwa. Mita alitafuna mkate mmoja mpaka ukawa kama karatasi mdomoni, na haukushuka.

Asubuhi ya siku ya tatu walitoka watano. Mita alijaribu kubaki nyuma na Pazia, akanong'ona, "Mpenzi, nisikilize..."

"Wanasikia," alisema Pazia. "Shangazi haitwi mpenzi."

Alitembea vizuri kuliko wote. Alimfundisha mchora ramani kufunga kamba za viatu ili kidole gumba kisiumie kwenye mteremko. Alimsikiliza mke wa bosi akieleza habari za wanawe. Kama ni kuigiza, aliigiza bila kukosea, na kila alipomwita Mita "mwanangu", Mita alijihisi kama mtu anayevuliwa nguo hadharani, kipande kwa kipande, na mtu anayemheshimu.

Saa saba mchana walifika mahali ambapo njia inakatika. Kulikuwa na ngazi ya chuma imegongomewa kwenye jabali, vipago ishirini hivi, vimelowa maji ya chumvi. Bosi alishuka, mkewe akashuka, msichana akashuka. Mita akatangulia, akabaki vipago vichache chini ili ampokee Pazia. Pazia akaanza kushuka, mgongo wake kwa bahari, vidole vimeng'ang'ania chuma, kwa sababu urefu ulikuwa kitu pekee alichokiogopa na Mita alilijua hilo.

"Shika kiuno changu," alisema kwa sauti ndogo. Hakusema mwanangu.

Mita aliinua mkono. Uligusa kitambaa cha ile suruali. Chini bosi aliinua kichwa kutazama, na mkono wa Mita ukarudi, haraka, kana kwamba umegusa pasi ya moto.

Mguu wa Pazia uliteleza kipago kimoja. Alijizuia kwa mikono. Aliposimama chini kwenye mchanga, kiganja chake kilikuwa kimechubuka na kinatoa damu.

"Pole, shangazi!" msichana alikimbia na leso yake.

"Si kitu, mwanangu. Ngozi tu."

Jioni ile, nyuma ya nyumba ya wageni ya tatu, Mita alimkuta penye kamba za kuanikia nguo. Jua lilikuwa bado halijazama. Alikuwa anaosha kiganja kwa maji ya kopo.

"Nilibanwa," alianza Mita. "Neno lilinitoka tu. Hata sikulifikiria."

"Najua. Neno humtoka mtu."

"Basi nisamehe."

"Neno nimeshakusamehe tangu jana, nikiwa chumbani kwangu kule nyuma." Alifunga kiganja kwa kipande cha kitambaa, akavuta fundo kwa meno. "Lakini mkono, Mita. Mkono haukutoka wenyewe. Uliuleta, ukafikiri, ukaurudisha."

Mita alitazama soksi zao zilizoning'inia pamoja kwenye kamba.

"Nitawaambia," alisema mwishowe.

"Lini?"

"Tukirudi mjini. Nitafanya kwa utaratibu, nimkalishe bosi kwanza, nimweleze..."

"Haya," alisema Pazia. Akamwaga maji yaliyobaki kwenye kopo, akaingia ndani.

Asubuhi ya siku ya nne kiti chake mezani kilikuwa kitupu. Mhudumu wa pale, mzee aliyekuwa anagawa chai, alisema mama wa kilemba cha chungwa alikunywa chai saa kumi na mbili, akauliza maji yanapwa saa ngapi huko mbele, akaondoka.

"Amerudi mjini?" Mita alisimama.

"Mjini? Hapana, bwana. Ameendelea na njia. Alisema amekuja kuimaliza."

"Peke yake!" alisema bosi. "Mwanamume, shangazi yako ana moyo. Mimi mwenyewe nisingethubutu..."

"Si shangazi yangu."

Chai ilikuwa inamiminwa kikombeni, ikaacha kumiminwa.

"Si shangazi yangu," alirudia Mita.  "Ni mpenzi wangu. Miezi minane. Amenizidi miaka kumi na miwili, na nilipowaona niliona aibu, nikamkana mbele yake. Jana kwenye ngazi aliniomba nimshike, sikumshika kwa sababu mlikuwa mnaangalia."

Bosi alifungua mdomo, akaufunga, kisha akatoa kicheko kifupi cha mtu asiyejua pa kuweka uso wake. Mchora ramani ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Alikuwa mwekundu wa macho.

"Na mimi nimekula chungwa lake," alisema. "Nimekaa mezani nikicheka. Kaka, kwa nini uliniweka pale?"

"Sikukufikiria. Nisamehe. Sikumfikiria mtu yeyote."

"Mimi nilijua tangu pale mapokezi," alisema mke wa bosi, akivua miwani yake na kuifuta. "Nilikuwa nasubiri nione utafika umbali gani. Umefika mbali, baba. Haya, vaa viatu."

Njia ya siku ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Inapanda na kushuka makorongo saba, na Mita aliyapita karibu kwa kukimbia, begi likimpiga mgongoni. Aliyoyasema mezani hayakumpa nafuu aliyoitegemea. Aliwaambia watu wasiodhulumiwa. Aliyedhulumiwa alikuwa mbele, na kila alipopanda kilele alikitafuta kilemba cha chungwa, asikione.

Pazia wakati huo alikuwa ameketi juu ya jabali la mwisho kabla ya ufuko mrefu, mahali ambapo mtandao wa simu unarudi. Alikuwa ameyapita makorongo yote saba peke yake, taratibu, akikaa chini na kushuka kwa makalio palipomtisha. Alikuwa amelia makorongo mawili ya kwanza na kuacha. Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama! Siku mbili hupatikani. Kikundi chenu kinaendeleaje?"

Maana ndivyo alivyomwambia: anakwenda na kikundi cha akina mama wa ushonaji. Na siku ambayo binti, akiwa likizo, alimkuta Mita karakanani akinywa chai, Pazia alisema, bila hata kupepesa macho, "Huyu kijana ananisaidia kupima madirisha." Mita alitoa futi ya kamba mfukoni, akapima dirisha. Walicheka sana baadaye. Mita alicheka. Sasa, juu ya jabali, Pazia alijiuliza kwa mara ya kwanza kama kicheko kile kilikuwa kicheko. Akahisi uso unamwaka peke yake pale, mbele ya bahari nzima.

"Mama? Unanisikia?"

"Hakuna kikundi," alisema. "Nilikuja na mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Yule uliyemkuta anapima madirisha. Nilikudanganya, mwanangu. Ni mpenzi wangu."

Upande wa pili wa simu mlango ulisikika ukifungwa.

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini."

"Mama! Amenizidi miaka tisa tu!"

"Najua."

"Sasa nitawaambia nini watu? Na uko naye hapo?"

"Hapana. Niko peke yangu. Tumekosana."

"Mmekosana," binti alirudia, na sauti yake ikaanza kulia. "Kwa hiyo umeniambia haya yote kwa ajili ya mtu ambaye hata hamko pamoja?"

Simu ikakatwa.

Hivyo ndivyo Mita alivyomkuta: simu mapajani, kilemba amekivua amejifutia uso. Alisimama hatua tano mbali, akihema, shati limeshikana na mwili, miiba imemchana mikono yote miwili. Hakujua kama anaruhusiwa kusogea.

"Nimewaambia," alisema.

"Mimi pia nimemwambia wangu."

Alimweleza. Alieleza habari ya madirisha pia, na alipofika hapo alimtazama. "Siku ile uliumia?"

Mita alitaka kusema hapana. "Niliumia," alisema. "Nilipofika nyumbani niliiweka ile futi kabatini, sikuitumia wiki nzima."

"Na hukusema."

"Niliona aibu kuumia."

Walikaa. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Huko chini maji yalikuwa yameanza kurudi na ufuko ulikuwa unazidi kuwa mwembamba.

"Nioe," alisema Mita ghafla. "Yaani... nikuoe. Nitakwenda kwa ndugu zako, nitakwenda kwa binti yako, nitapiga magoti ofisini mbele ya..."

"Nyamaza, Mita."

"Sitanii."

"Najua hutanii. Lakini angalia ulivyo. Unatetemeka. Ungeniomba hata nikung'oe jino ili ujisikie vizuri." Sauti yake haikuwa kali. "Usinioe kwa aibu. Aibu itapoa, halafu mimi nitabaki na wewe, na wewe utabaki na miaka yangu."

Pazia alifunga kilemba upya, akasimama, akajaribu goti lake.

"Maji yanajaa. Tukikaa zaidi tutalala hapa."

Walimaliza njia pamoja, siku ile na siku ya tano, bosi na wenzake wakibaki nyuma, bila kushikana mikono. Walizungumza kidogo: angalia jiwe hilo, kunywa maji, pole. Palipokuwa na mteremko mkali Mita alinyoosha mkono na kuuacha hewani, bila kumgusa, naye Pazia mara nyingine aliushika na mara nyingine hakuushika. Njia iliishia nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye uwanja wa mabasi wenye vumbi. Pazia alicheka kidogo. "Siku tano kuja kunusa petroli," alisema. Ndani ya basi alilala akiegemea dirisha, upande usio na bega la Mita.

Mjini mambo yakawa kama alivyoyaogopa. Mchora ramani hakusema lolote kwa mtu yeyote, lakini bosi hakuweza kuizuia hadithi nzuri kama ile, na ndani ya wiki moja ofisi nzima ilimwita Mita "Mpwa". Mpwa, leta ramani. Mpwa, shangazi hajambo? Zamani angecheka nao ili yaishe. Sasa alijibu, "Hajambo, nitamfikishia salamu," akaendelea na kazi, na kila siku shingo ilimwaka vilevile kama siku ya kwanza. Alimtafuta karani aliyeoa mwanamke mkubwa, akamwomba radhi mlangoni pa stoo. Karani alimtazama, akasema, "Mwenzangu, wewe ndiye uliyecheka zaidi." Hakusema amemsamehe.

Kwa Pazia alikwenda kila Jumamosi, mchana, akipanda ngazi za mbele. Aliwasalimia mafundi wake wawili, ambao zamani alisubiri waondoke ndipo aje. Wakati mwingine Pazia alimpa chai. Wakati mwingine alisema ana kazi nyingi, naye akarudi zake.

Binti hakupiga simu wiki tatu. Wiki ya nne alikuja mwenyewe, Jumamosi jioni, begi begani, hajasuka, uso umekunjamana. Alimkuta Mita amekaa kwenye kigoda. Hakumsalimia.

"Sijaja kukubali," alisema. "Nimekuja kuona."

"Sawa," alisema Mita, na akasimama.

"Kaa. Nataka kukuuliza. Mama ameniandikia yote, hata ya kule kwenye ngazi. Ulimwacha ateleze?"

Pazia alisogea kutaka kuingilia. Mita alitikisa kichwa.

"Ndiyo. Nilimwacha."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watu watanicheka."

"Na sasa wanakucheka?"

"Kila siku."

Binti alimtazama muda mrefu. Alikuwa na shingo ile ile ndefu ya mama yake. Kisha macho yalimjaa machozi, akageukia dirishani.

"Mimi pia niliogopa watanicheka," alisema. "Mama ananiambia yuko peke yake, wamekosana, na mimi nawaza wenzangu wa bwenini watasema nini. Nikamkatia simu."

Pazia alimfuata, akamshika mabega kwa nyuma.  Wote watatu walikaa vile, kila mmoja na lake, hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Baadaye binti alikula, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akalala kwa mama yake. Kesho yake Mita alipokuja kumsindikiza, binti alimwambia kwaheri, bila tabasamu, lakini alimwambia.

Ilipita miezi minne. Jumamosi moja Pazia alikuwa mezani anakata kitambaa cha hoteli, pini mdomoni, naye Mita anamsomea vipimo kutoka kwenye karatasi. Mafundi walikuwa wametoka kula. Pazia alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa sindano.

"Mwezi wa saba nafunga karakana wiki mbili."

"Tena? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Naolewa. Kama bado kuna mtu anaulizia."

Mita aliishusha karatasi. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii, alikuwa na maneno yake mazuri aliyoyapanga njiani wiki baada ya wiki, na yote yalimkimbia. Kilichokuja badala yake ni mkono wake mwenyewe, ukirudi nyuma pale kwenye kipago cha chuma. Akafunika uso.

"Unalia?"

"Naona aibu," alisema nyuma ya viganja. "Pazia, bado naona aibu. Haijapoa."

"Najua. Nimekuwa nikiiangalia miezi minne, na bado unakuja nayo kila Jumamosi." Alichukua mkasi, akaendelea kukata. "Sasa nisomee kipimo cha ukumbini, na usinidanganye sentimita."

Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaitafuta sehemu ya ukumbi kwenye karatasi. Ilimchukua muda kuiona.